Kaburi Nililolipima Jangwani

Ukiacha lami pale Ekerenyo ukashika njia ya murram inayopanda katikati ya majani chai, geti langu utaliona kabla hujaona kitu kingine. Nguzo zake mbili zinalishinda paa la nyumba ya jirani kwa urefu, na juu ya kila nguzo amekaa simba wa jiwe la sabuni kutoka Tabaka, macho kwa barabara. Nililijenga nikiwa Saudia, kwa simu, kwa picha, na kwa kugombana na mafundi. Kwa muda mrefu nyuma ya geti hilo palikuwa na mahindi tu. Watu walicheka, na niliwaacha wacheke. Kwenye kilima chetu hakuna geti lingine linalomfanya mtu wa boda boda apunguze mwendo ili abiria atazame.

Sikubebwa na mtu. Diploma yangu ya umeme niliipata kwa kupiga msasa. Likizo zote nilikuwa Tabaka kwa mjomba, nimekaa mbele ya karai la maji, nasugua vifaru na twiga wa mawe mpaka ngozi ya vidole ikawa kama ya mtoto mchanga. Siku ya kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya pasipoti, mashine ilinikataa. Yule karani aliniuliza kama mimi ni mtu kweli. Nikamwambia asubiri, nitarudi. Nilikaa wiki kadhaa bila kugusa jiwe, nikarudi, mashine ikanikubali, nikaenda.

Wengi wakinitembelea huuliza habari za joto, za dhahabu na za waajiri wabaya. Mimi mwajiri wangu alikuwa mzuri, na joto mtu huzoea. Kitu ambacho sijakizoea mpaka leo ni ule mji.

Uko kaskazini mwa Saudia, katikati ya jangwa. Watu waliouchonga kwenye majabali walikufa karibu miaka elfu mbili iliyopita. Watalii huja kuutazama jioni, na ili wauone ni lazima mtu awe ametega taa. Mtu huyo nilikuwa mimi. Tulikuwa mafundi kutoka nchi nyingi, lakini sehemu ngumu walinipa mimi, kwa sababu pale huruhusiwi kutoboa hata tundu la msumari. Taa zote hulala juu ya mchanga na nyaya hufichwa chini yake, na mwanga lazima upande kwenye jiwe kana kwamba unatoka ndani ya ardhi. Msimamizi alikuwa akileta wageni wake kuwaonyesha kazi yangu.

Nilizungusha nyaya kwenye mji huo kwa miezi mingi bila kuingia mlango hata mmoja. Fundi haji kutazama. Hatimaye dereva mmoja wa mabasi ya watalii, mtu wa kwetu, alinishika mkono Ijumaa moja tukiwa mapumzikoni. Nasema wa kwetu, ingawa yeye ni Mjaluo wa upande wa Homa Bay. Nyumbani tungekuwa wapinzani wa kutaniana, yeye na samaki wake, mimi na ndizi zangu. Kule tulikuwa kama watoto wa mama mmoja.

“Jirani,” aliniambia, “utarudi Kisii uulizwe uliona nini, useme uliona waya?”

Tukapanda basi pamoja na watalii. Tuliongozwa na msichana wa hukohuko, amevaa nguo nyeusi hadi chini na viatu vyeupe vya michezo, anayezungumza Kiingereza cha haraka. Alitupeleka mbele ya jabali la kwanza, na ndipo nilipoona nilichokuwa nikikimulika kila jioni.

Jabali zima lilikuwa limechongwa uso wa nyumba. Nguzo, vizingiti, ngazi mbili kubwa juu kabisa zinazopanda kuelekea mbinguni, na ndege mwenye mabawa yaliyokunjuliwa juu ya mlango. Lilikuwa refu kuliko kanisa lolote la Nyamira. Mimi nimekulia kwenye mawe. Nilikwenda karibu nikaona alama za patasi, mistari ya mshazari iliyolala pamoja kama mvua ya upepo. Niliijua mikono iliyofanya vile. Nilijua hata walivyochoka, kwa sababu alama zinakuwa fupi mtu akichoka. Walianza juu wakashuka, msichana alisema, na mimi nikamwambia hilo lilikuwa wazi kwangu hata kabla hajalisema.

Kisha tukaingia. Nyuma ya uso ule wote palikuwa na chumba kimoja kidogo, kuta hazikulainishwa, dari chini.

“Hii nimeiona mahali,” alisema rafiki yangu.

“Wapi?”

“Kwenye simu yako. Mbele simba, nyuma hakuna kitu. Si hili ndilo geti lako, Mkisii?”

Nilicheka. Nilimwambia kwao hata geti hawana, wana nyavu.

Msichana alieleza kwamba yale yote tuliyoyaona, majabali yote yenye milango, si nyumba bali ni makaburi. Mtalii mmoja aliuliza watu wenyewe walikuwa wakiishi wapi. Msichana akaonyesha kwa mkono uwanda wa mchanga uliokuwa mtupu kabisa, wenye vichuguu viwili vitatu. Pale, alisema. Nyumba zao zilikuwa za matofali ya udongo na zimeyeyuka. Waliishi kwenye udongo, wakazikwa kwenye jiwe, na mji uliobaki ni ule wa wafu peke yake. Juu ya mlango palikuwa na maandishi, na alitueleza yanachosema: kwamba kaburi hili ni la mtu fulani na wanawe na binti zake, na alaaniwe atakayemzika humo mgeni.

Maneno hayo yaliniingia. Kwetu pia mtu hazikwi popote. Mwanamume wa Kigusii huzikwa kando ya nyumba yake, upande wa kulia. Asiyekuwa na nyumba hujengewa akiwa tayari jenezani. Nimewahi kuona. Kijana wa kilima chetu aliletwa kutoka Nairobi, na asubuhi ile ya maziko wanaume walipigilia mabati kwenye miti, wakaweka mlango ambao hakuna mtu aliyewahi kuufungua, wakamzika kando yake. Baada ya wiki mabati yaleyale yalikuwa banda la kuku.

Sakafuni mwa kile chumba palikuwa na shimo lililochongwa, la urefu wa mtu, mstatili safi. Lilikuwa wazi. Hapakuwa na kifuniko wala mifupa, ni mchanga kidogo tu ulioingia na upepo. Hapo ndipo iliponipasa kutoka. Kwetu kaburi huchimbwa likajazwa siku hiyohiyo. Mvua ikizuia maziko, au gari la mochari likichelewa, wazee hukata mgomba wakaulaza ndani mpaka kesho yake, kwa sababu shimo likiachwa tupu litatafuta mtu wa kulijaza. Hilo hata watoto wanalijua. Na hapa palikuwa na mji mzima wa makaburi wazi, na mimi nilikuwa nimeyawekea taa.

Lakini mimi ni fundi. Mkono wangu ukikosa la kufanya huenda mfukoni, na mfukoni kuna tepu ya kupimia. Nilichuchumaa nikaivuta kutoka pembe hadi pembe. Nambari iliyotoka ninaijua kwa kichwa tangu waliponipima hospitalini kabla ya safari. Ni urefu wangu.

“Wewe!” Rafiki yangu aliita kwa sauti ambayo iligonga kuta. “Unapima nini? Rudisha hiyo kitu mfukoni!”

“Ni jiwe tu, jirani.”

“Jiwe? Kwetu hata fimbo ya kupimia maiti haitoki kaburini, inazikwa naye. Na wewe unapima lililo wazi, na mwenyewe unapumua!”

Watalii waligeuka. Msichana akauliza kama kuna shida.

“Hakuna, dada,” rafiki yangu akamjibu kwa Kiingereza. “Huyu anatafuta kitanda.”

Walicheka, nami nikacheka kuliko wote. Nilikunja tepu. Nakumbuka ilirudi polepole, pengine kwa ajili ya mchanga.

Kutoka siku hiyo kazi yangu ilibadilika, ingawa hakuna aliyeona. Jua likishuka niliinua swichi, na zile nyuso zikawaka moja baada ya nyingine, za rangi ya asali, watalii wakipiga kelele za furaha. Kabla ya hapo nilikuwa nikitazama jiwe. Sasa nilitazama milango, kwa sababu mwanga unavyopanda ukutani ndivyo mlango unavyozidi kuwa mweusi. Nilianza kuujua ule mmoja kutoka mbali. Nilibadilisha pembe ya taa zake ili mwanga uingie ndani, na msimamizi akaniamuru nizirudishe: mlango ubaki giza, ndivyo wageni wanavyopenda.

Halafu nikaanguka. Mimi ambaye sijawahi kuanguka, niliyepanda nguzo za umeme kule Keroka wakati wa mvua. Nilikuwa kwenye ngazi fupi tu, mbele ya mlango uleule, nakagua mwanga unavyopanda ukutani. Sikuumia. Niliamka nikajikuta nimelala chali kwenye mchanga, miguu pamoja, mikono ubavuni, kama mtu aliyelazwa na watu wenye heshima. Nilipoinuka, umbo langu lilibaki limechorwa pale chini. Nikalifuta kwa mguu haraka.

Mama yangu hupigiwa simu Jumamosi jua likishazama, kwa kuwa ni Msabato na hataki simu ndani ya Sabato. Huniita tata, yaani baba, maana nina jina la baba yake. Nilimweleza habari ya kuanguka kama mzaha. Akauliza nilikuwa wapi, nikamweleza mahali. Mama ana namna ya kuuliza ambayo wakili angeilipia. Baada ya maswali manne nilikuwa nimefika kwenye tepu.

“Ulipima?”

“Nilipima, mama.”

“Ikakutosha?”

“Ilikuwa sawasawa.”

“Na ukaiacha wazi hivyo.”

“Mama, ni la kale. Ni la Waarabu wa zamani. Serikali inalilinda.”

“Nyumba yako iko wapi, tata?”

“Si unajua ninajenga. Geti lipo.”

“Watakuzika getini?”

Nilimsikia akimfukuza kuku, halafu akarudi kwenye simu akasema kwa sauti ya chini kwamba ameona vijana wengi wa watu wakijengewa mabati asubuhi moja, na hatakaa kwenye kiti cha plastiki akitazama hivyo kwa mtoto wake. Akakata.

Mkataba ulipokwisha msimamizi aliniomba nisaini mwingine, kwa mshahara bora. Nilikataa. Aliniuliza kama nimepata kazi kwingine, nikamwambia ninakwenda kujenga nyumba. Rafiki yangu alinisindikiza hadi uwanja wa ndege. Alinipa kilemba cha zawadi na akaniambia nijenge mlango, hata mdogo, ili nikilewa nipate pa kuingia.

Nilifika nyumbani na mabegi manne na ramani ya ghorofa, imechorwa na mchoraji wa Kisii mjini. Nilitaka mama awe wa kwanza kupita getini. Nilifungua milango yote miwili. Alisimama pale barabarani na leso yake begani, akawatazama simba, mmoja, kisha mwingine.

“Wamechongwa vizuri,” alisema. “Lakini mimi sipiti mlango ambayo haina nyumba.” Akazunguka, akapita kwenye ua wa miti kwa njia yake ya zamani.

Jioni nilimfungulia ramani mezani. Nilimwonyesha balkoni. Aliipapasa karatasi kwa kidole.

“Hii utajenga,” alisema. “Nani amekataa? Baba yangu hakuwa na hii. Lakini hii itachukua miaka, na ile kule haina kazi nyingine, inangoja tu.”

Hakulitaja kaburi. Tangu siku ile ya simu hakuwahi kulitaja kwa jina lake.

Basi niling’oa mahindi nikajenga vyumba viwili, vya matofali ya kuchoma na mabati ya rangi, katikati kabisa ya kiwanja ambapo ghorofa ilipaswa kusimama. Mafundi walishangaa. Mtu wa Saudia, geti kama la ikulu, nyumba kama ya mwalimu mgeni! Sikuwajibu. Waya niliuvuta mwenyewe. Nathubutu kusema hakuna nyumba ya vyumba viwili katika kaunti yote ya Nyamira iliyotegwa umeme kama ile. Unaweza kuzima taa ya nje ukiwa kitandani, ukiwa jikoni, au ukiwa mlangoni. Upande wa kulia wa nyumba niliacha nyasi. Mama alimwambia kila mtu asifunge mbuzi pale.

Siku ya kuwasha moto wa kwanza wa nyumba mpya alikuja na kuni zake na mafiga matatu, maana moto huo hauwashwi kwa gesi. Akayapanga, akapanga kuni, akaketi. Hakuwasha.

“Mama, kuna nini?”

“Nyumba ni yako, nimeona. Lakini ile kule bado iko wazi, na inajua urefu yako. Nitawasha moto ya mtu ambaye anaitwa mahali pengine?”

“Unataka nirudi Saudia na mgomba kwenye ndege?”

“Sitaki urudi. Huyo kijana ya ziwa si bado yuko?”

Nilimweleza kwamba huko hakuna migomba, ni tende tu, nikamwuliza mchungaji wetu angesema nini. Aliniambia mchungaji hajawahi kupima kaburi. Mwisho nilimpigia rafiki yangu kwa video, nikitumaini hatashika. Alishika. Alikuwa ndani ya basi lake, amevaa miwani ya jua.

Mama alichukua simu akaishika karibu na uso hata rafiki yangu akaona paji la uso tu.

“Wewe kijana ya ziwa. Umekula?”

“Nimekula, mama. Samaki hakuna huku, nakula kuku kama Mkisii.”

“Kuku ni chakula. Sikiza. Ile mahali huyu mjinga alipima, unaijua?”

Nilimwona akivua miwani. “Naijua, mama. Mimi nilimkataza.”

“Mungu akubariki. Nani alikuambia ni vibaya?”

“Nyanya yangu.”

“Basi wewe si wa kufundishwa. Utaweka mgomba.”

Rafiki yangu alikuna kichwa. Akasema mgomba hata kwa dawa hapati, lakini kwenye duka la chini ya hoteli kuna ndizi, zinaletwa kwa meli, kila moja ina karatasi ndogo ya kampuni imebandikwa.

Mama alinigeukia. “Ndizi yenyewe, bila mti yake?”

“Ndivyo anavyosema.”

“Aondoe hiyo karatasi,” alisema.

Siku mbili baadaye picha ilifika. Shimo lilelile, mchanga uleule, na katikati ndizi moja ya njano, imelazwa kwa urefu wa shimo, kichwa upande wa mlango. Chini yake aliandika kwamba alisubiri mpaka watalii watoke, na kwamba hajawahi kujisikia mjinga namna ile, na kwamba alipotoka nje alikimbia hadi kwenye basi. Nilimwonyesha mama. Aliitazama sana. Aliikuza kwa vidole viwili, kama nilivyomfundisha, akaichunguza ile ndizi kama anayeinunua sokoni.

“Ni ndogo,” alisema. “Lakini imewekwa na mtu anayejua.”

Akapiga kiberiti. Kuni zilishika upesi, moshi ukapanda, na macho yetu yakatoka machozi kwa sababu jiko lilikuwa bado halina tundu la kutosha. Alipika chai ya majani ya shamba letu, akanimiminia wa kwanza. Alipomaliza kikombe chake aliinuka akatoka kwa mlango wa mbele, akavuka kiwanja, akapita getini katikati ya simba wangu wawili bila kuinua uso, akaenda kwake.

Jioni hiyo niliwasha taa za geti kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimezitega chini, kwa ufundi uleule, mwanga upande kana kwamba unatoka ardhini. Simba waliwaka rangi ya asali. Majirani walitoka nje kutazama, na kusema kweli ilikuwa kazi ya kupendeza. Ila katikati ya nguzo palibaki mstatili mweusi ambao nilikuwa nimeujua mahali pengine. Nilisimama pale kidogo. Kisha nikaingia ndani nikazizima, nikiwa jikoni, na sijaziwasha tena. Watu wakiuliza, nasema stima imepanda bei.

Hayo yote mama anayajua. Kuna moja tu asilolijua. Mwezi uliofuata rafiki yangu alipeleka kundi jingine kwenye kaburi lile, akachungulia. Ndizi haikuwepo. Lilikuwepo ganda, limemenywa vizuri hadi chini, limekunjwa, limewekwa pembeni mwa shimo. Nilimwambia ni mtalii. Akasema chumba kile kimefungwa kwa kamba tangu wiki ile alipoweka ndizi, hakuna anayeingia. Basi ni mbweha, nikasema. Mbweha wa jangwani hula chochote. Akasema ndiyo, jirani, itakuwa mbweha.

Mimi ni mtu wa umeme. Kila kitu kina chanzo, ukifuata waya utakifikia. Nimeanza msingi wa ghorofa, nyuma ya vile vyumba viwili, na msimu ujao nitapandisha kuta. Moto wa jikoni siuachi uzime. Asubuhi nikiamka kwanza hutazama kama makaa yangali hai, halafu hutoka nje nikatazama upande wa kulia wa nyumba, kuona kwamba nyasi ziko vilevile.